Kulwa yuko wapi?

Mtu akijitambulisha kuwa anaitwa Doto, iwe Mwanza, Tanga au Mbagala, swali linalofuata ni moja: "Na Kulwa yuko wapi?" Juma haulizwi alizaliwa pamoja na nani. Utamu wa jina hili uko hapo, na lawama zake zinaanzia hapo hapo.

Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha anayetangulia kutoka tumboni ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Awe wa kike au wa kiume, jina ni lile lile. Zamani mapacha hawakupokelewa kimyakimya. Uzazi wao ulidai matambiko na ngoma, maana ulionekana mzito, na jina liliwatangazia majirani kwamba nyumba hii imepata mambo.

Kinachonivutia zaidi ni safari yake. Waganda wana Wasswa na Kato, Wajaluo wana Opiyo na Odongo, lakini majina hayo yamebaki zaidi kwa wenyewe. Kulwa na Doto wamehama. Mwaka 1960 Muhammad Saleh Farsy wa Zanzibar alitoa riwaya iitwayo Kurwa na Doto, kwa r badala ya l, kuhusu maisha ya kijiji cha Unguja. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka Bagamoyo na mizigo tangu karne ya 19, nami sioni njia nyepesi kuliko hiyo ya jina kufika baharini. Leo Mzaramo humwita mwanawe Doto bila kujiona ameazima, na vitu viwili vinavyofanana tunaviita kurwa na doto. Hakuna serikali iliyoagiza hayo.

Wasiolipenda husema hilo si jina, ni namba ya foleni: mzazi ameitazama mimba, hakumtazama mtoto. Wengine hulalamikia fomu, kwamba jina halionyeshi jinsia. Hiyo naiona nyepesi. Fomu ina kisanduku chake. Nayo hoja ya foleni haimzuii mtu kupanda. Doto Biteko aliteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023 (wa pili hata kwa cheo, watani watasema).

Hoja nzito ni ya msiba. Pacha mmoja akifariki, kila mgeni anayeuliza "Kulwa yuko wapi?" anatonesha kidonda bila kujua. Hapo sina jibu la haraka. Kumwita aliyebaki Aisha hakutamsahaulisha, ila kutampunguzia maswali. Ndiyo maana naelemea upande wa familia zinazotoa majina mawili: la cheti liwe lake peke yake, la nyumbani liwe Doto, ili aamue mwenyewe nani amsimulie.

Shija ndiye tunayemsahau katika ubishi huu wote. Alizaliwa peke yake, lakini jina lake linasimulia uzazi wa wenzake, na nje ya Usukuma na Unyamwezi wengi hawajui hata kwamba kuna cha kumuuliza.