Ukataji Miti Kongo: Tusihesabu Visiki, Tuhesabu Barabara

Mwaka 2002 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisitisha utoaji wa vibali vipya vya kuvuna magogo, na tangu hapo mabishano hayajaisha. Wanaotaka zuio liondolewe husema kampuni hukata mti mmoja au miwili tu kwa hekta, msitu ukabaki umesimama. Wanaolitetea husema kampuni ndiyo hufungua mlango wa maangamizi. Kila upande una ukweli wake, ila wote wamekodolea macho visiki.

Kwa visiki peke yake, kampuni zina hoja nzuri. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba kati ya 2000 na 2014, asilimia 84 ya uharibifu wa msitu katika Bonde la Kongo ulitokana na mashamba madogo yaliyofyekwa kwa mkono. Mkataji wa kampuni hutafuta sapeli, mvule, afromosia na wenge. Miti mingine mingi haina soko la nje, kwa hiyo huachwa. Ukiifunga kampuni, mkulima wa mihogo hatasitisha kufyeka.

Lakini gogo la sapeli halibebwi begani. Barabara kuu ya malori hufyekwa upana wa mita 30 au zaidi ili jua liingie na kukausha udongo baada ya mvua. Kutoka hapo huchepuka barabara ndogo, kisha njia za trekta la kuburuta magogo. Penye kijito, dereva mwenye haraka hutupa magogo na udongo badala ya kuweka kalavati. Maji hutuama upande wa juu, mizizi hukosa hewa, na miti ambayo hakuna aliyeigusa hufia majini. Halafu kampuni ikihama barabara inabaki. Mwindaji hupita na pikipiki, mchoma mkaa humfuata, na mwenye shamba huja nyuma yao. Huyo mkulima aliyemo ndani ya ile asilimia 84, wakati mwingine alifika kwa barabara ya magogo.

Dawa ya hili inajulikana. Kwanza kila mti unaofaa kuvunwa hupimwa na kuwekwa kwenye ramani kabla msumeno haujawashwa. Miezi kadhaa kabla ya kukata, mitambaazi inayofunganisha vilele hukatwa, maana mti ukianguka umefungwa kamba na jirani zake huwaangusha nao. Njia za trekta huchorwa mapema, na mti huelekezwa uangukie kwenye njia au karibu nayo. Uvunaji ukiisha, madaraja hung'olewa. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ndiyo hurukwa mara nyingi, kwa sababu haileti hata mita moja ya ujazo ya mbao. Uchunguzi wa kamera katika vitalu 14 vya kuvuna magogo vya Gabon na Kongo-Brazzaville, uliochapishwa 2024, ulikuta wanyama wa zaidi ya kilo 100, kama tembo, wakionekana mara 2.7 zaidi kwenye vitalu vyenye cheti cha FSC, yaani cha msitu unaovunwa kwa uangalifu, kuliko visivyo nacho. Vitalu vyote hivyo vilivunwa. Tofauti iko katika vizuizi vya barabarani, upekuzi wa magari na chakula cha wafanyakazi, wasije wakaishi kwa nyama ya porini.

Hata hivyo kuna hesabu ambayo cheti hakiifuti. Mzunguko wa uvunaji Kongo ni miaka 25. Sapeli ikinenepa nusu sentimita kwa mwaka, katika muda huo huongeza sentimita 12 na kitu. Kama kipenyo cha chini cha kukata ni sentimita 80, basi raundi ya pili itategemea miti ambayo leo imeshafika 67 na nusu au zaidi. Raundi ya kwanza ilichukua akiba ya karne kadhaa; ya pili huchukua nyongeza ya robo karne. Afromosia, iliyo chini ya udhibiti wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu 1992, ina shida kubwa zaidi: miche yake hutaka mwanga mwingi, na pengo la mti mmoja halitoshi. Kukata kidogo kunakolinda kivuli cha msitu ndiko kunakoinyima mrithi. Bila kupanda miche na kuipalilia, afromosia haitarudi.

Na sapeli si mbao tu. Viwavi vinavyoliwa huzaliana juu yake. Ukiikata karibu na kijiji umekata kitoweo cha msimu mzima. Fidia ya shule au zahanati haijazi chungu hicho.

Kwa hiyo zuio libaki? Kwa sasa ndiyo, kwa kuwa vibali vipya ni barabara mpya, na mkaguzi wa kuhakikisha madaraja yameng'olewa ni nadra. Ila lisisifiwe kupita kiasi. Halimgusi mpasuaji wa mbao wa Ituri, mashariki mwa Kongo, mwenye msumeno wa mnyororo. Huyo hapasulii kiwandani; hupasua papo hapo porini, sehemu kubwa ya gogo ikibaki vumbi na mabanzi. Mbao zake hupita mji wa Beni na mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, nyingine zikaendelea hadi Kenya, na fundi anayezirandia kitanda hana karatasi inayomwambia kisiki kiko wapi.