Fomu Imeshajua Anahitaji Kazi. Halafu?

Waulize maafisa wa probesheni wenzangu, saa ya chai, wanaonaje hizi fomu za kupima uwezekano wa mtu kurudia kosa. Mmoja atakwambia zinamla muda na ripoti za mahakama zinamngoja. Mwingine atasema hazihitaji, yeye akimwangalia tu mshtakiwa anamjua. Huyo wa kwanza namwelewa. Wa pili ananitia hofu.

Kwani kabla ya fomu tulitegemea nini? Tulimpigia chifu. Chifu anasema "hiyo familia tunaijua", maneno hayo yanaingia kwenye ripoti, yanamfikia hakimu, na kijana anakosa kifungo cha nje. Wakili atayahojije? Fomu, pamoja na kasoro zake, angalau inaonyesha kila alama imetokana na swali gani.

Sasa tuyaangalie maswali yenyewe. LSI-R, mojawapo ya fomu hizo, iliyotungwa Canada na Don Andrews na James Bonta, ina vipengele 54. Inataka kujua kama mtu amehama mara tatu au zaidi katika mwaka uliopita, kama amewahi kufutwa kazi, kama anajuana na wahalifu. Haya, mletee kijana wa mjengo kule Kisauni, Mombasa. Kazi yake huisha kila jioni akishalipwa, tuseme amefutwa? Amehama kwa kuwa kodi ilimshinda na mwenye nyumba akatia kufuli. Na wahalifu anaojuana nao ni watoto aliocheza nao mpira. Kabla hatujaligusa kosa, umaskini umeshampandishia alama.

Huko kwenyewe zilikotoka hazijapita bila kupingwa. Mwaka 2018, katika kesi ya Jeffrey Ewert, Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kwamba idara ya magereza haikuchukua hatua za kutosha kuhakikisha vipimo vyake vinafaa kwa wafungwa wa jamii za wenyeji asilia. Miaka miwili kabla yake, Eric Loomis wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alilalamika kwamba alama za COMPAS, programu ya kompyuta ya kupima hatari hiyo hiyo, zilitumika katika hukumu yake ilhali namna zinavyokokotolewa ni siri ya biashara ya kampuni. Alishindwa, ingawa mahakama iliagiza majaji wapewe tahadhari kuhusu alama hizo. Kwangu mimi, alama ambayo mshtakiwa hawezi kuikagua haina tofauti na neno la chifu.

Lakini kinachonikera zaidi si hesabu. Fomu hizi zina kazi mbili: kupima hatari na kupima mahitaji. Ya kwanza kila mtu anaisoma, ya pili inaishia kwenye faili. Nimeandika "dawa za kulevya: hitaji kubwa" kwa mtu anayetafuna muguka tangu alfajiri, kisha kwenye safu ya hatua nikaandika "apewe ushauri nasaha". Huo ushauri nasaha ni mimi, siku ya kuripoti, foleni iko mlangoni, na simu ya kortini inaita. Nafasi ya matibabu hakuna. Ya kujifunza ufundi ipo, ila ina karo, na nauli ya kila siku ni juu yake.

Baada ya miezi kadhaa tunamjazia fomu upya. Alama ni zile zile, kwa sababu hakuna tulichompa. Atakayelisoma faili hilo baadaye, hasa akikamatwa tena, ataona mtu aliyekataa kubadilika.

Kwa hiyo sipingi fomu. Nataka zijaribiwe hapa kwanza, kwa watu wetu, na maswali yasiyoendana na maisha yao yaondolewe. Nataka pia safu moja iongezwe mbele ya kila hitaji: huduma ilipatikana lini na wapi, au haikupatikana. Ukurasa huo uende kwa hakimu pamoja na ule wa hatari, umebanwa kwa pini moja.