Umepangiwa HGL (History, Geography na English Language)? Kaa hapa tuongee kidogo

Selekisheni zikitoka tu inbox yangu inajaa wadogo zangu na swali lile lile, eti history ya advance (form five na six) ikoje, ni ngumu? Jibu langu huwa halibadiliki: sio ngumu kama mnavyotishwa, ila kama A yako ya form four uliipata kwa kumeza madesa, jiandae kupigwa.

Mimi nilipigwa. Form four nilikuwa nakariri mpaka koma, mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, Majimaji 1905 hadi 1907, niamshe usiku wa manane nakutajia. Nikaingia form five kichwa juu. Tesiti ya kwanza, mdororo wa uchumi wa 1929, eleza uligusaje makoloni ya Afrika. Nikashusha nondo, soko la hisa New York limeanguka Oktoba, mabenki yamefunga, Wamarekani hawana kazi, kurasa nne hizo. Nikapata 31. Pembeni ticha kaandika kwa wino mwekundu "kwa hiyo?", chini tena "kwa hiyo?", zilikuwa saba, nilizihesabu kwa hasira.

Nikamfuata ofisini kulalamika (ujasiri wa form five huo). Akaniuliza kwenu wapi. Korogwe, mwalimu. "Korogwe walikuwa wanalima nini?" Mkonge. "Haya, mkonge alikuwa ananunua nani?"

Nikanywea. Kumbe wanunuzi wa nje wakiishiwa hela bei ya mkonge inaporomoka, mwenye shamba anapunguza watu na mishahara, na mkoloni bado anataka kodi yake na anawasukuma wakulima walime zaidi mazao yaleyale yasiyo na bei. Babu mzaa babu yangu alikata mkonge hukohuko, halafu mimi nimejaza kurasa nne za New York.

Advance ndo hiyo sasa. Mada ni nyingi, harakati za weusi kule Marekani za akina Garvey na Du Bois, mapinduzi ya viwanda Uingereza, Urusi 1917, China 1949, zinasomeka hizo usiogope. Shida ni swali linakuja "jadili" au "kwa kiasi gani", yaani chukua upande uutetee. Utafundishwa utangulizi, pointi sita, hitimisho, sawa, inasaidia, ila pointi sita zisizotetea kitu ni orodha ya sokoni.

Halafu kuna kingereza. Kwa maoni yangu hiki ndo kinawamaliza wengi kuliko historia yenyewe. Bwenini kulikuwa na jamaa anachambua kwa nini Japani baada ya 1868 ilijenga viwanda wakati China inagombaniwa na mabeberu, kwa Kiswahili, unamsikiliza unasema huyu profesa kabisa, mpe karatasi sasa, sentensi mbili kakwama. Naona ni uonevu, sifichi. Sisi tulichofanya diskasheni zote tulipiga kwa Kiswahili mpaka hoja imeeleweka, ndo tunahamia kuandika, na kidogokidogo hata yule jamaa akaanza kujaza kurasa.

Wanaosema history haina ajira waache waseme, kuna wanaotaka kusoma sheria na HGL inawafikisha.

Na nunua kalamu za kutosha. Pepa ni saa tatu unaandika tu, mimi kidole cha kati kina sugu mpaka leo.