Kapu la Bi Mkubwa

Asubuhi ya leo nilifungua mlango kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kulipa deni, nikavuka kichochoro kwa hatua tatu, maana ya nne ingeniingiza ndani ya nyumba ya watu, nikageuka ili niutazame ukuta wangu uliokamilika kupakwa chokaa juzi alasiri. Ulikuwa mweupe. Ulikuwa mweupe kweli, isipokuwa mstari mmoja wa samawati, upana wake kiganja, uliotoka chini ya dirisha la ghorofa ya kwanza ukateremka moja kwa moja mpaka barazani, kana kwamba kuna mtu aliyeamua kuigawa Zanzibar upya. Niliufuata kwa macho kuelekea juu, na huko juu lilikuwa linaning'inia kapu la Bi Mkubwa, limetulia kama lisilojua chochote.

Anayeishi katika nyumba iliyoshikana na za wenzake hapa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa. Waliozijenga nyumba hizi walikuwa wakiozeshana na kurithishana, na kila urithi ulipogawanywa mlango mmoja ulizibwa na mwingine ukatobolewa, hata leo chumba kimoja cha Bi Mkubwa kimekaa juu ya sebule yangu mithili ya kofia ya mtu mwingine kichwani mwangu. Akisogeza kiti, vumbi la dari huanguka ndani ya chai yangu. Tumezoeana, tunaheshimiana, na nisingekuwa na neno lolote la kusema kama nisingeingiwa na wazimu wa kupaka ukuta wa nje kabla ya masika.

Wazimu huo nao ulikuwa na sababu. Mwenye nyumba aliyenitangulia aliupiga ukuta lipu ya saruji, akapaka na rangi ya mafuta ya samawati juu yake, akaondoka na sifa zake. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa, ndivyo ulivyozaliwa. Ukiuvisha saruji, maji huingia kwa nyufa na kwa msingi, yakakosa pa kutokea, chumvi ikatuna kwa ndani, na rangi ikaanza kubabuka vipande vipande kama ngozi ya mjusi. Miaka minne nimekuwa nikiokota samawati mlangoni pangu kila alfajiri. Fundi alishauri tubandue saruji pale ilipokwisha kuachia, tupige lipu ya chokaa, kisha tupake chokaa nyepesi kwa brashi, mikono minne, ukuta ukiwa umeloweshwa kwanza. Ile samawati iliyoshika sana, alisema, tuiache, chokaa itaifunika. Neno hilo nimelikumbuka leo asubuhi.

Kibali nilikipata baada ya safari tano, na sitasema ni ofisi gani. Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo ukuta wangu ni mali ya binadamu wote, ingawa siku ya kununua chokaa sikumwona hata binadamu mmoja.

Basi nikaona ni adabu, kabla fundi hajapanda jukwaa, nimwarifu Bi Mkubwa na kumwomba, kwa lugha laini, achangie kipande kilicho chini ya dirisha lake. Nilivaa kanzu na kofia, nikasimama kichochoroni, nikainua uso.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakunywa chai?"

Nilisema nimekunywa. Alisema sijanywa, sauti yangu inaonyesha, na kapu likaanza kuteremka na birika. Mtu hawezi kudai mchango huku ameshika kikombe cha mwenye kudaiwa, lakini nilijikaza.

"Bi Mkubwa, tunakusudia kuupaka ukuta."

"Ukuta wa nani?"

Swali hilo hakimu angeliahirisha kwa wiki mbili. Nilijibu kwamba ni wetu sote.

"Wangu uko ndani, mwanangu, nao nimeshaupaka. Huo wa nje ni wa wapita njia. Mimi nikikaa dirishani natazama nje, sijitazami."

Wazee wa barazani, ambao hapo awali walikuwa wakibishana juu ya bei ya pweza, walinyamaza wote kwa pamoja, na mmoja akasogea ili apate pembe nzuri ya kuona. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba kama ni hivyo basi fundi atapaka changu na kuacha chake. Nilidhani nimesema neno la kisheria.

"Uache changu hivyo hivyo?" Sasa alikuwa ametoa kichwa chote na ushungi. "Watu wapite waseme mjane wa watu hana watu? Na wewe upo?"

Baraza likaguna. Lilinigunia mimi.

Likabaki suala la mpaka, maana ikiwa sitapaka chake nitatukanwa na nikipaka nitalipa, angalau nijue nalipa kiasi gani. Mimi nilisema mpaka ni bomba la maji ya mvua. Bi Mkubwa alisema bomba hilo lilihamishwa, na kwamba mpaka ni msumari ambao marehemu mumewe alikuwa akitundikia taa. Fundi alitafuta msumari. Ilipatikana misumari sita. Kapu likateremka na futi ya marehemu, ambayo inchi zake za mwanzo zilikuwa zimekatika, hivyo kila kipimo kilihitaji kujumlishwa na kitu ambacho Bi Mkubwa peke yake alikikumbuka. Likapanda, likateremka na hati iliyofungwa ndani ya kanga; mzee mmoja aliyewahi kuwa karani aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, ikabainika kuwa ni hati ya shamba la minazi. Likapanda, likateremka na miwani ili karani asome tena, pengine alikosea. Likateremka na mkate wa ufuta kwa ajili ya fundi, kwa sababu kijana wa watu yuko juani tangu asubuhi. Fundi, ambaye namlipa kwa siku, alikuwa amekaa kivulini tangu saa tatu, na hakuwa na haraka ya haki kupatikana.

Kufikia adhuhuri sikuwa tena yule muungwana wa kanzu. Kofia nilikuwa nimeishika mkononi, jasho linanitoka, na nilijisikia nikipaza sauti kichochoroni, mimi, mtu wa umri wangu, kwamba haiwezekani binadamu mmoja anunue chokaa, alipe fundi, alipe kibarua, akodi na miti ya jukwaa, kisha asiruhusiwe hata kujua ukuta wake unaishia wapi! Palikuwa kimya. Kisha Bi Mkubwa akasema kwa upole, akiwaambia wazee na si mimi, "Hajanywa chai huyo. Nilisema." Baada ya swala fundi alianza kazi, akaanza na kipande cha Bi Mkubwa, akakipaka mikono mitano. Nilipouliza ule wa tano ni wa nini, alinijibu huku anatafuna.

Wazee wa barazani nao walikuwa na lao. Nyuma ya migongo yao ukuta ulikuwa na alama saba za mafuta ya nywele, zilizopangika kama picha za ukoo, na fundi alizisugua kwa msasa mpaka akaomba nyongeza. Niliwasihi wasiegemee siku tatu. Waliniitikia, wakakaa wima kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, na magharibi walipoinuka kwenda msikitini wote walikuwa na mabawa meupe mgongoni, na lawama ikaja kwangu kwamba nimewapaka watu badala ya ukuta. Chokaa mbichi, niliwaambia, hukauka polepole na kuzidi kuwa nyeupe kila inapokauka. Mmoja alijibu kwamba koti lake pia.

Nyaya za umeme fundi alizipaka pamoja na ukuta, na kengele ya mlango sasa haisikiki. Watoto wameahidi kwamba mpira hautagusa ukuta, na alama ya mpira iliyopo, wanasema, ilikuwepo.

Narudi kwenye mstari. Nilimwita fundi kwa simu, akasema kamba ilikuwa imebana kapu ukutani wakati chokaa haijashika, ikakwangua mpaka ikaikuta samawati ya zamani, na kwamba kurudia sehemu ile tu kutaacha kiraka, hivyo inafaa kurudia upande mzima. Alitaja bei. Nilimshukuru, nikakata simu, nikapandisha uso kwa Bi Mkubwa, na nikaapa kwamba leo sitaanza kwa shikamoo. Nilianza kwa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umeuona ukuta? Umeharibika. Ndiyo fundi wako huyo?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijapata neno, kapu lilishaanza kushuka, na ndani yake mlikuwa na noti, mfuko mtupu, na maagizo kwamba kwa kuwa nimesimama tu, nifike Darajani nimtazamie pweza, si mkubwa, na nipitie mkate wa kumimina kwa yule mama wa karibu na msikiti, si yule mwingine. Lilikuwa linakuja likipapasa chokaa. Nilikimbilia ndani nikatoka na mpini wa fagio, nikausukuma ule ukindu kutoka ukutani kama mvuvi anayeepusha ngalawa na mwamba, nimevaa singlendi na kikoi mbele ya majirani, huku wazee wakinielekeza: kulia, kulia kidogo, sasa kushoto. Lilipotua niliwauliza pweza anauzwaje siku hizi, na mabishano yao ya juzi yakaanza upya, wote wakiwa wameegemea.