Kiswahili changu nilikipata mwaloni

Kila ninapomsikia mtu akisema Uganda haina Kiswahili kwa sababu haina pwani, namkumbuka nyanya yangu kwenye mchanga wa Butiaba, mwalo wetu wa wavuvi kando ya Ziwa Albert, kitenge kakifunga kifuani, akipaza sauti: "Anueni! Anueni!"

Wingu lilikuwa likitokea upande wa Kongo. Ziwa Albert, ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige, halina subira: unaiona milima ya ng'ambo ikiwa samawati, mara imepotea, na mvua hiyo inakuja juu ya maji kama pazia. Muziri walikuwa wameanikwa mchangani tangu alfajiri, samaki wadogo wasiofika hata urefu wa kidole, waliovuliwa usiku kwa taa za karabai. Wakilowa wanaoza, na wakioza hakuna wa kuwanunua ila mwenye kuku. Kwa hiyo watoto wote tulikimbia. Tulikusanya kwa mikono, kwa masinia, kwa mafagio, mchanga na samaki pamoja, bila kuuliza ni wa nani. Mama mzazi alikuwa Mgungu, jirani Mualur, mwenye mtumbwi Mlendu, fundi wa nyavu Mnyoro. Nyanya angeita kwa Lugungu, nusu ya watoto wasingenyanyua mguu. Aliita kwa Kiswahili, na ufuo mzima ukanyanyuka.

Hatukufundishwa na mtu. Tulikiokota palepale tulipookotea magamba ya mputa, yaani sangara: kwenye kupatana bei, kwenye kugombana, kwenye matanga ya mvuvi ambaye mtumbwi wake ulirudi bila yeye. Ngeli zetu zilipinda, hilo nakubali. Hata leo ndugu zangu wa Mombasa wananisahihisha kila nikifungua mdomo. Lakini hakuna aliyelala njaa mwaloni kwa sababu hakueleweka.

Kisha nikapelekwa shule ya kule juu, baada ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Juma la kwanza nilimwomba mwenzangu maji kwa Kiswahili. Mwalimu akanivisha shingoni kipande cha ubao chenye kamba, nikae nacho hadi jioni, akasema hiyo ni lugha ya askari na wezi. Nilikuwa na miaka 9. Nakumbuka uzito wa ubao ule kuliko somo lolote la mwaka huo, na nakumbuka kwamba likizo ilipofika nilimwona nyanya yangu kwa jicho jingine, nikaona aibu. Aibu hiyo ndiyo sijaisamehe.

Naelewa ilikotoka. Idi Amin aliitangaza lugha hii kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wengi wa Uganda walikutana nayo kwenye kizuizi cha barabarani, ikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Aliyeporwa kwa Kiswahili ana haki ya kukichukia. Ila sisi wa ziwani tulikuwa tukikitumia kuuziana samaki na kuzikana, na hakuna aliyetuuliza.

Sasa upepo umegeuka. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima kwenye shule za msingi na za sekondari. Nilifurahi mno. Lakini nasikia kinazungumzwa kama mgeni anayeshushwa kutoka Dar es Salaam, apokewe na kuandaliwa kiti. Kiko hapa! Mwanzoni mwa mwaka 2018, watu wa Ituri, huko Kongo, walipovuka ziwa kwa maelfu wakikimbia mauaji, wakashukia Sebagoro, mwalo mwingine wa upande wetu, wakiwa wamelowa na watoto mgongoni, Kiswahili ndicho kilichowauliza wametoka wapi na nani amebaki nyuma. Walimu wafundishe sarufi sanifu, naiunga mkono kabisa. Waanze tu kwa kumwambia mtoto wa mwaloni kwamba alichokuja nacho kutoka nyumbani ni mali, na mabao yale ya shingoni yachomwe.

Wageni wakifika Butiaba huulizia ndege ya Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, iliyoshika moto hapo Januari 1954. Wengine huulizia bandari ya zamani, iliyoharibiwa na maji ziwa lilipofura mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ziwa lilifura tena mwaka 2020, na safari hii lilichukua nyumba za watu. Nilipokwenda, nilimkuta yule jirani yetu Mualur, mzee sasa, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanishika mkono muda mrefu. Nikamuuliza uwanja wa nyanya yangu uko wapi. Akanyoosha kidole majini, mbali kidogo kupita ule mtumbwi wa kwanza uliotia nanga.

"Pale, mwanangu. Pale ndipo tulikuwa tunaanika."