Mgeni Amekufa, Mwenyeji Mzima

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema nisije nikamsingizia mtu wala mtambo.

Mimi ndiye mshika daftari wa nyumba ya wageni ya Ami yangu, hapa Mkomani, Lamu. Daftari lenyewe ni programu ya zamani ya hesabu isiyokubali kukaa popote ila kwenye Windows XP. XP ilitoka 2001, mwaka ule ule UNESCO ilipoutia mji wetu katika Urithi wa Dunia. Mji ungali una watu wa kuupaka chokaa. XP, Microsoft wenyewe waliiachia mkono Aprili 2014. Kompyuta mpya ilipokuja, programu ikaikataa katakata. Fundi wetu, kijana wa Langoni, akaweka VirtualBox, na ndani yake akaiweka XP, kompyuta ndani ya kompyuta. Akanifunza na lugha yao: mfumo wa ndani huitwa mgeni, kompyuta yenyewe ndiyo mwenyeji. Mgeni akifa, mwenyeji hana habari, yuaendelea na mambo yake. Nikaipenda lugha hiyo. Ningalijua!

Usiku mmoja barazani, mtu asiye na kazi kama mimi akaniambia diski ya mgeni nikiitoa kwenye IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski, nikaitia kwenye SATA, njia mpya, XP itapaa. Nikarudi, nikamzima mgeni, nikaingia kwenye mipangilio, nikaihamisha. Nikalala na raha zangu.

Saa moja asubuhi nikawasha. Nembo ya Windows ikatoka, kisha skrini nzima ikawa buluu na maandishi meupe, na kabla sijasoma neno, ikazima ikaanza upya. Nembo. Buluu. Nembo. Buluu. Nami nilikuwa nimeitanua XP ikajaa skrini yote, kwa hivyo nilichokiona mimi ni kompyuta ya Ami imekufa na hesabu za msimu mzima tumboni. Kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba maiti huyo alikuwa akiimba. Taarabu niliyoifungulia kabla ya yote ilikuwa bado yatoka kwenye spika, na udi wake, na ngoma yake.

Nikampigia fundi. Sasa, nyumba zetu hizi kuta zake ni mawe ya matumbawe, unene wa mkono mzima, mtandao hauingii. Mahali pa kupata simu ni kiwandani, ua wa ndani ya nyumba, chini ya uwazi, mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta, hatua tatu kutoka jikoni ambako mama mpishi alikuwa akichoma mahamri. Na simu ikiwa mbovu, mtu hupiga kelele.

"Yakhe, mgeni amekufa!"

Mahamri yakanyamaza kwenye mafuta. Sikutia maanani.

"Usiku alikuwa mzima. Nimemhamisha tu, asubuhi haamki... Si mara moja! Anafufuka, anafika nusu, anakufa tena. Nimehesabu mara kumi na moja... La, mwenyeji hana habari, anasikiliza taarabu... Nimzime kwa nguvu? Sawa. Lakini nisimfute, au sio? Maana ninaye mwengine wa mwezi jana, nimemficha."

Fundi akaniambia nibonyeze Ctrl ya kulia pamoja na herufi F. Nikabonyeza. XP ikanywea ikawa kidirisha, na nyuma yake kompyuta ya Ami hiyo, nzima, na picha yake ya jahazi. Nikacheka peke yangu. Akaniambia mgeni akiwa yuaamka nibonyeze F8, nichague asijiwashe tena akianguka, nimsomee namba ya kosa kwenye ile buluu. Nikamsomea: 0x0000007B. Akauliza jana niligusa nini. Nikamwambia. Kimya kirefu. XP, akasema, haina dereva ya SATA, yaani programu ya kuiendesha, ya kuzaliwa nayo. Umemfungia mtu mlango wa chumba chake ukamwambia ingia ulale. Rudisha IDE.

Mkono wangu uko kwenye kipanya, nasikia miguu darini.

Nikatoka. Kwenye ngazi yuko Ami, kofia upande, amepita kwenye uchochoro akisukumana na punda wa mchanga. Nyuma yake wazee wanne wa daka, baraza la mlangoni, la jirani, mmoja ameshika tasbihi. Nyuma kabisa mama mpishi, mwiko mkononi, ananiangalia kama jambazi. Mzee wa tasbihi alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini kama marehemu ni Muislamu, au waanze na polisi.

"Ami, kuna nini yeo?"

"Waniuliza mimi?" Akanishika bega. "Na huyo wa mwezi jana umemficha wapi?"

Sijapata jibu, Ami akagonga chumba namba tatu, cha Mjerumani aliyefika Ijumaa na tangu hapo kazi yake ni kulala. Akagonga tena. Mlango ukafunguka. Yule bwana akatoka na kikoi, nywele zimesimama, akawatazama wazee watano waliofunga midomo kimsiba. Akatabasamu. Akawapa mkono mmoja mmoja, mpaka mama mpishi na mwiko wake. Alidhani ndiyo mila yetu ya kumwamkia mgeni.

Nilieleza kwa nusu saa, na kwamba huyo wa mwezi jana ni nakala ya akiba tu. Neno "diski" halikusaidia. Kilichosaidia ni kuwakalisha wote mbele ya kompyuta, nikarudisha IDE, nikawasha. Nembo ikatoka, ikapita, hesabu za Ami zikafunguka. Mzee wa tasbihi akasema alhamdulillahi, kisha akauliza kama yale mahamri yaliyoungua yataliwa au vipi. Yakaliwa.

Wiki iliyofuata fundi akapiga. "Mgeni vipi?"

Ami alikuwa mezani pangu akikagua risiti. Akainua kichwa.

"Mzima," nikasema polepole. "Ila mwenyeji asema akifa tena, mimi nitazikwa naye."