Faili Langu Lina Kiu

Nimerudi sasa hivi, hata viatu sijavua, na muhuri sijapata. Msiniulize ofisi gani. Lile benchi nyote mnalijua.

Mimi fundi wa hapa hapa Mtwara. Nimeunda mashine ya kubangua korosho kwa springi ya pikipiki, bati la pipa na mpini wa jembe la Mama Zuhura. Shangazi zangu kule Newala wameunguzwa vidole na mafuta ya ganda tangu usichana wao. Nataka karatasi moja tu, nianze kuuza.

Mara ya kwanza kijana wa dirishani akasema, "Mzee wangu, faili lako halionekani." Ikatakiwa hela ya vocha, lipigiwe simu. Faili lina simu! Nikatoa elfu tano. Mara ya pili limeonekana, ila liko chini ya mengine, na wanaoyanyanyua wana kiu. Nikawanywesha. Leo nikavaa kanzu ya Idi, shingo nimeinyoosha, nikamwambia kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: "Kijana, naomba huduma stahiki." Akanionea huruma. "Mzee, faili lipo kwa bosi. Tatizo muhuri umekauka wino."

"Wino shilingi ngapi?"

"Laki."

Laki! Mashine nzima imenila elfu themanini! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaamka, naye akanidai ya soda kwa kumkatiza usingizi.

Na mnasema nchi haina wabunifu. Mimi miaka mitatu nina mashine moja. Yule kijana kila wiki ana jina jipya la rushwa.

Nikapitia kwa kinyozi nipoe. Bwana yule na redio yake! Akanisomea alama za rushwa za 2024 za lile shirika la kupima rushwa duniani, Transparency International, nchi safi ndiyo inapata nyingi: Denmark 90 kati ya 100, Singapore 84, sisi 41. Kidato cha nne hiyo ni D, umefaulu, chinja kuku. Nikamwuliza, na Vietnam wanaobeba korosho zetu na maganda yake wakabangulie kwao? Akasema 40. Arobaini! Wako nyuma yetu, na mashine wanazo! Kwa hiyo kwao ukitoa ya wino, muhuri unagongwa kweli?

Kinyozi hakujibu, umeme ulikatika. Nimetembea mpaka nyumbani na kichwa nusu upara, na hapa mlangoni Mama Zuhura anasema mvua imeanza, anataka mpini wake.